Kaseti ya Mama Pascaline

Mimi sipendi kurudia kazi. Nikishapanda muhogo nimepanda, sirudi kuung'oa kuangalia kama umeshika. Kwa hiyo Dady alipokuja nyumbani kwangu kuniomba turekodi upya nyimbo zetu za mwaka tisini na moja, nilimjibu vibaya. Nilimwambia nyimbo zile tulishazipiga, watu wakazicheza, wakaoana nazo, wengine wakaachana nazo, basi yatosha.

Dady ana miaka thelathini na kitu na studio ndogo hapa Kasongo, chumba kimoja tu. Kuta amezifunika kwa magodoro ya sponji, na juu ya bati ameweka paneli za jua. Hakukasirika. Alisema taratibu, "Papa Djafari, watu wanaziimba, lakini hakuna mutu iko nazo. Mama yangu anaimba mistari mbili, kiisha anasema la-la-la. Siku mutakufa, itabakia la-la-la tu."

Neno lile liliniuma mpaka jioni. Kesho yake nikaenda kumwambia sawa.

Okestra yetu iliitwa Tujikaze. Tulikuwa saba, tumebaki watatu. Mimi napiga gitaa la solo. Pierre anapiga besi, na ni mtu anayeongea kama mara mbili kwa mwaka. Wa tatu ni Amuri, mwimbaji, ambaye sasa ana miaka sitini na minne na anauza vitambaa sokoni. Zamani Amuri akipandisha sauti, wanawake waliacha sufuria jikoni wakaja kusimama uani. Sisemi hivi kumsifu. Chakula kingi kiliungua katika mji huu, na lawama tulipata sisi.

Tulirekodi Kindu, nyimbo nne, kwenye nyumba ya redio ambayo haipo tena. Kanda ilipotea wakati wa vita. Nakala iliyobaki ilikuwa moja, kaseti iliyo kwa Mama Pascaline, mjane wa Jean-Marie. Jean-Marie ndiye aliyeanzisha Tujikaze. Alikuwa mpiga tumba wetu, zile ngoma ndefu, na alifariki miaka kumi iliyopita. Mkewe anauza mafuta ya mawese nyuma ya soko.

Mama Pascaline alitupa kaseti akiwa ameifunga ndani ya kitambaa, huku akitutazama kama watu wanaompeleka mwanawe kutahiriwa. Alifungua mdomo kusema kitu. Mimi nilikuwa na haraka, nikamkatiza. "Mama, usiogope. Sisi ndio wenye nyimbo." Akanyamaza, nasi tukaondoka na kaseti yetu.

Studio Dady alikuwa na mashine kubwa ya kaseti, ya umeme, nzito, aliyoinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anahama. Alitupa siku sita, kwa sababu wiki iliyofuata alikuwa na harusi ya kupiga picha Salamabila na vyombo vyake vyote vingeondoka naye. Siku sita kwa nyimbo nne nilidhani ni nyingi. Tatizo ni kwamba tulikuwa tumesahau. Miaka thelathini ikipita bila kugusa wimbo, vidole vinakumbuka nusu, na nusu nyingine vinabuni. Kwa hiyo tulipanga hivi: Dady aweke kaseti, mimi na Pierre tukaze nyuzi za magitaa mpaka zilingane na kaseti, kisha tuufuate wimbo mstari kwa mstari.

Dady alisikiliza kidogo akakunja uso. "Wazee wangu, hii kaseti haiko kwa noti yoyote. Iko katikati ya mbili."

"Zamani hatukuwa na piano," nilimwambia. "Tulikuwa na masikio." Dady akacheka kwa heshima, nami nikajiona nimempa somo.

Wimbo wa kwanza, Soko la Jumamosi, ulikwenda vizuri. Amuri aliimba amesimama, mkono mmoja mfukoni. Wimbo wa pili ilibidi nikaze nyuzi zaidi, na Amuri akaanza kusafisha koo kila baada ya mstari. Kufika wimbo wa tatu, uzi wangu mwembamba ulikatika ukanichapa kidole. Niliwatukana waliotengeneza nyuzi hizo, nikatukana na duka lililoniuzia, nikafunga mwingine. Ulikatika pia. Amuri naye mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka, na jasho limemlowesha kola.

Siku ya pili tulifika wimbo wa nne, Ng'ambo. Huo ndio watu wanauuliza. Ni wimbo wa mtu aliye upande huu wa mto, mpenzi wake anavuka kwenda upande wa Nyangwe, na mtumbwi wa pili hakuna. Mwisho anasema, *ukifika ng'ambo, uniite*, na kwenye hilo neno *uniite* sauti inapanda juu kabisa na kukaa pale. Amuri ndiye aliyeutunga. Alijaribu mara ya kwanza, sauti ikakatika. Akanywa maji ya uvuguvugu, akajaribu tena, ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Mara ya tano hakuna kilichotoka.

Alivua vile vyombo vya masikioni akaviweka juu ya meza vizuri, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. "Sauti yangu imekufa," alisema. "Dady, tafuta mutu mwingine."

Dady alisubiri Amuri aende, kisha akasema kuna Pitchou, mwalimu wa kwaya, ambaye ana sauti ya juu sana. Alisema kwa adabu zote. Hata hivyo nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, maana mama yake yu hai.

Jioni nilikwenda kwa Amuri. Nilikwenda kumgombeza, ndiyo njia yangu ya kuwafariji watu. Aicha, mkewe, alinipokea mlangoni akaniambia kwa sauti ndogo, "Shemeji, hakukula. Tangu amerudi anakaa vile."

Amuri alikuwa amekaa ukumbini na robota la vitambaa mbele yake, hajalifungua. Nilimwambia amekuwa mvivu, hajafanya mazoezi, anakula pilipili kupita kiasi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wimbo wa kwanza niliimba vizuri," alisema. "Wa pili ikanilemea kidogo. Wa tatu ikanilemea sana. Wa nne, hakuna kitu. Ilikuwa sawa ngazi, Djafari. Kila wimbo nilikuwa nasikia namna nazeeka, katika siku mbili tu."

"Umechoka, basi."

"Usinidanganye. Vitambaa kila mutu anauza. Ile sauti tu ndiyo ilikuwa yangu. Kesho nitakuja kumufundisha Pitchou maneno, kiisha nitakaa kwangu."

Aicha alileta chai. Sikuinywa. Nilitoka nikiwa na hasira na kila mtu: na Amuri, na Dady, na uzee, na watu wa viwanda vya nyuzi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kama sauti ya Amuri imekufa, basi na vidole vyangu viko njiani, na hilo sikutaka kuliwaza.

Siku ya tatu Pitchou alikuja, mtu mpole, shati limepigwa pasi. Amuri alikaa kwenye benchi akimsomea maneno, na kumwonyesha mahali pa kuvuta pumzi. Pitchou aliimba Ng'ambo akafika kule juu. Alifika kwa shida, lakini alifika. Aliimba vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Amuri alitikisa kichwa kwamba ndiyo, ndivyo hivyo, kisha akainama akawa anatazama viatu vyake.

Wakati huo Mama Pascaline aliingia, mikono inanuka mawese. Alikuja kuangalia kaseti yake. Dady alimkalisha, na ili kumfurahisha akarudisha kaseti mpaka kati ya wimbo wa tatu na wa nne. Pale Jean-Marie anasikika akitoa amri kabla ya kupiga tumba: "Amuri, jikaze, tuvuke!"

Mama Pascaline alitazama mashine, akatutazama sisi.

"Ni nani huyu?"

"Ni Jean-Marie, Mama," nilisema.

"Hapana. Bwana yangu hakuwa anaongea sawa mutoto ya mbuzi. Mumemufanyia nini?"

Nilimwambia miaka kumi ni mingi, mtu husahau. Nilisema kwa upole, upole wangu mimi, ambao kwa wengine ni ukali. Mama Pascaline alisimama.

"Djafari, mimi namusikia kila siku ya Yenga nikitoka misa. Nasahau namna gani? Kwangu nyumbani anaongea vizuri, sauti nzito, yake. Ni hapa kwenu ndiyo anaharibika."

Ndipo Pierre akaweka besi chini, akatoa sentensi yake ya mwaka.

"Kwako unaisikia na nini?"

"Na redio yangu ya kaseti, ile ya Jean-Marie."

"Na kuran?" Hiyo ikawa sentensi ya pili, alitaka kujua kama ni kwa umeme.

"Kuran nitaitoa wapi? Na mapile, hizi betri. Ikichoka, naanika kwa jua juu ya bati, inarudisha nguvu kidogo. Hata siku ile tulitoa hii kaseti kule Wamaza, ni mapile ya kuanika. Mimi mwenyewe niliianika tangu asubuhi."

Nikamuuliza siku ipi, akatueleza tangu mwanzo. Baada ya vita kulikuwa na mwenye duka mmoja Wamaza aliyekuwa na kaseti nzuri ya nyimbo zetu, na alikataa isitoke nyumbani kwake hata kwa dakika moja. Jean-Marie alikwenda kule kwa miguu na mkewe, wamebeba redio yao na kaseti tupu. Redio ya mwenye duka ilipiga, ya kwao ikashika sauti kwenye kaseti tupu. Ya mwenye duka ilikuwa na mapile mapya. Ya kwao ilikuwa na haya ya kuanikwa.

"Ilianza vizuri," alisema Mama Pascaline. "Kufika wimbo wa nne ilikuwa inachoka. Jean-Marie alikuwa anabonyeza mapile na kidole ili isilale. Nilitaka kuwaambia ile siku mulichukua kaseti. Djafari alisema ninyi ndio wenye nyimbo."

Kuuliza si ujinga, wanasema. Na kutouliza, nadhani, kuna jina lake, nami nililistahili.

Dady alishika kichwa kwa mikono miwili. Alitueleza polepole, na hata mimi nikaelewa. Redio iliyoshika ilikuwa imechoka, kaseti yake ikitembea pole. Ukija kuipiga kwenye mashine yenye nguvu zake zote, kila kitu kinakimbia, na kinachokimbia kinapanda sauti. Na kwa kuwa mapile yalikufa kidogo kidogo, wimbo wa kwanza ulipanda kidogo tu, wa pili zaidi, wa tatu zaidi, na wa nne ukaenda kukaa ambako hakuna mtu aliyewahi kuuweka. Redio ya Mama Pascaline, kwa mapile yake machovu, ilitembea pole vilevile, ndiyo maana mumewe alikuwa salama nyumbani.

Niliangalia nyuzi zangu zilizokatika. Kwa siku tatu gitaa langu lilikuwa linanipigia kelele kwamba limevutwa kupita kawaida yake, nami nalaumu viwanda. Nyani haoni kundule. Amuri alikuwa bado ameketi kwenye benchi, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Alikuwa anapanda ile ngazi yake upya, nadhani, moja, mbili, tatu, nne.

"Kwa hiyo mwenye kosa iko kaseti," alisema mwishoni.

"Iko kaseti," Dady alisema.

"Si mimi."

"Papa, sijui bado. Tuone."

Dady alikwisha kuiingiza kaseti ndani ya kompyuta, na kompyuta inaweza kuipunguza mwendo wimbo ukashuka. Lakini ishuke mpaka wapi? Masikio yangu sikuyaamini tena. Tulimkalisha Mama Pascaline mbele ya spika. Dady akawa anapiga maneno yale yale ya Jean-Marie, *Amuri, jikaze, tuvuke*, kila mara pole zaidi.

"Bado," alisema Mama Pascaline. "Bado yuko kijana sana. Shusha." Dady akashusha. "Bado kidogo." Akashusha tena. "Hapana, sasa umemufanya mulevi. Rudisha."

Dady akarudisha kwa unywele. Sauti ya Jean-Marie ikatoka nene, na ule mkwaruzo wa tumbaku ndani yake, kama vile yuko chumba cha pili anatafuta viatu.

"Hapo," alisema Mama Pascaline. Aliifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Hapo ndiye."

Nililegeza nyuzi. Nililegeza, nililegeza, tukashuka kaze tatu nzima, vile vijumba vya shingo la gitaa, mpaka uzi mnene ulipolia sawa na tumba la Jean-Marie. Kisha nikapiga mwanzo wa Ng'ambo. Vidole vyangu havikuuliza njia. Kila uzi niliotaka kuuacha wazi ulikuwa tayari unalia mahali pake. Nusu ile niliyodhani nimeisahau ilikuwepo yote, ilikuwa inangoja tu gitaa lishuke. Pierre aliingia na besi bila kuambiwa.

Amuri hakusimama. Aliimba palepale kwenye benchi, mikono juu ya magoti, ameangalia sakafu, nusu sauti, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. Mstari wa kwanza. Wa pili. Alipokaribia mwisho niliona mabega yake yanapanda kwa woga, na mimi mwenyewe nilikosa kubonyeza uzi mmoja kwa sababu nilikuwa naomba Mungu. *Ukifika ng'ambo.* Akavuta pumzi. *Uniite.* Sauti ilipanda ikafika, ikakaa pale juu muda wote iliotakiwa kukaa, pana, na ukavu kidogo pembeni, kisha ikashuka yenyewe ilipotaka.

Tuliendelea kupiga mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliyejua jambo lingine la kufanya. Pitchou ndiye wa kwanza kusema. Alivua vyombo vya masikioni akamwendea Amuri na kumvalisha kwa mikono yake. "Papa, asante kwa Mungu," alisema. "Pale juu hata mimi nilikuwa nakufa." Amuri alimshika mkono na hakuuachia upesi. Nilikwenda nje kuangalia kama mvua inakuja. Anga lilikuwa jeupe kabisa, nami nikaliangalia mpaka macho yakakauka.

Siku tatu zilizobaki tulirekodi nyimbo zote nne, kila moja imeshushwa hadi mahali pake. Pitchou alibaki akaitikia nyuma. Mama Pascaline alifunga biashara yake mapema kila siku akaja kukaa karibu na mlango, na alipokunja uso tulirudia bila kumuuliza sababu. Ng'ambo tuliuweka wa mwisho. Amuri aliuimba amesimama, mkono mfukoni, mara moja tu.

Dady alitupigia tusikilize. Ilikuwa nzuri. Lakini kwenye *uniite*, mwishoni kabisa, kabla sauti haijashuka, Dady aliinua kidole.

"Papa Amuri, hapa umeteleza. Iko chini kidogo sana. Naweza kuipandisha na masini, hakuna mutu atajua."

Uso wa Amuri ulianguka. Nilimwona anarudi kwenye benchi lile, ingawa alikuwa bado amesimama. Alisema polepole, "Unaona? Uzee haujifichi. Pandisha, basi."

"Ngoja nilinganishe na ile ya zamani," Dady alisema. Akapiga Ng'ambo ya mwaka tisini na moja, iliyoshushwa mahali pake, mahali alipopachagua Mama Pascaline. Tulimsikia Amuri wa miaka thelathini na moja, yule aliyeunguza chakula cha mji mzima, anakuja na nguvu zake zote, anavuta pumzi, anapanda, anafika, anakaa. Na mwishoni kabisa, kabla hajashuka, anateleza. Palepale. Kiasi kile kile.

"Rudisha," Amuri alisema.

Dady akarudisha. Akateleza tena.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu Amuri alianza kucheka. Alicheka kimya kwanza, mabega tu, kisha kwa sauti, mpaka akaegemea ukuta wa magodoro na magodoro yakazama naye. Mama Pascaline naye akacheka, hata Pierre.

"Kumbe si uzee," alisema Amuri, akijifuta machozi kwa kiganja. "Nilikuwa naimba mubaya tangu zamani." Akamgeukia Dady, ambaye kidole chake kilikuwa tayari juu ya kompyuta. "Toa mukono, baba. Iache vile iko."